Kabla ya kulisifu jua la Aprili, ulizeni usiku ulikuwaje

Mhariri,

Ifikapo mwezi wa nne kila mwaka, habari za watu waliofukiwa na theluji katika milima ya Alps hufika kwenye magazeti ya Kiswahili zikiwa mistari mitatu au minne: idadi ya waliokufa, jina la nchi, na maneno kwamba ajali ilitokea "licha ya hali nzuri ya hewa". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyotusukuma kuandika. Katika majira ya machipuko jua kali mara nyingi ndilo lililoleta ajali yenyewe. Msomaji anayeisoma habari hiyo akiwa Zürich, Innsbruck au Oslo anaondoka na funzo la kinyume kabisa, kwamba siku ikipendeza mlima nao umetulia.

Vijana wa Kitanzania, Kikenya na Kikongo waliokulia huku wanakwenda mlimani na wenzao wa shule na wa kazini. Wanapanda kwa skii nje ya njia zinazotunzwa, mahali pasipo mlinzi wala kibao cha onyo. Wazazi wao hawakukulia kwenye theluji na hawana cha kuwaambia zaidi ya "mwangalie". Tunaomba nafasi katika ukurasa wako tuwape kitu cha kushika, kwa lugha wanayoizungumza nyumbani.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Saa kumi alfajiri ni 04:00 kwenye simu, na saa tano asubuhi ni 11:00. Anayepanga safari na wenzake kwa ujumbe wa simu aandike tarakimu za simu, maana kukosea hapo ni kukosea kwa saa sita nzima, na sehemu yote inayofuata imejengwa juu ya saa.

Theluji kavu ya Januari huporomoka mara nyingi kwa sababu ya mzigo. Mtu anaingia juu ya bamba la theluji lililolalia tabaka dhaifu, bamba linakatika, linamchukua. Theluji iliyolowa ina tabia nyingine. Punje zake zimeshikana kwa viungo vidogo vya barafu. Maji machache hayavunji viungo hivyo. Yakikaa kwenye pembe kati ya punje na punje huzivuta zikaribiane, ndiyo maana theluji yenye unyevu kidogo hufinyangika vizuri mkononi. Maji yakizidi hujaza nafasi zote, viungo vinayeyuka, na tabaka lililokuwa kitu kimoja linageuka rojo. Kuanzia hapo halihitaji mtu wa kulikanyaga. Linaanguka lenyewe, kwa uzito wake, saa ambayo halikupanga na mtu.

Kiasi cha maji hupimwa kwa mkono. Chukua konzi ya theluji, ukiwa na glavu, uibane. Isiposhikana ni kavu. Ikishikana bila maji kuonekana hata kwa lenzi ya kukuza mara 10, ina unyevu, na maji yake hayafiki asilimia 3 ya ujazo. Ukiyaona maji kati ya punje kwa lenzi lakini hayatoki unapobana, imelowa, asilimia 3 hadi 8. Yakichuruzika kwenye vidole imelowa sana, asilimia 8 hadi 15, na juu ya hapo ni rojo. Mpaka wa kuuogopa ni pale maji yanapoanza kutoka mkononi. Kosa la kawaida ni kupima juu peke yake. Juu panaweza kuwa na unyevu tu, huku sentimita 30 chini, juu ya tabaka la barafu lisilopitisha maji, rojo imeshajaa. Chimba, pima juu, pima katikati, kisha pima pale pale juu ya tabaka gumu.

Sasa tuje kwenye usiku, kwa sababu hapa ndipo siku nzima inapoamuliwa.

Theluji iliyo kwenye nyuzi sifuri hutoa joto la wati 315 hivi kwa kila mita moja ya mraba, usiku na mchana. Anga likiwa wazi na hewa ikiwa kavu, hurudisha pungufu sana ya hapo. Wingu zito la chini hurudisha karibu lote. Tofauti ya hayo mawili ndiyo inayogandisha theluji. Chukua usiku ulio wazi ambapo kila mita ya mraba inapoteza wati 70. Chukua theluji yenye maji asilimia 5. Katika sentimita 15 za juu, kila mita ya mraba ina lita saba na nusu za maji, na kila lita ikiganda inabidi itoe kilojuli 334. Jumla ni kilojuli 2,500. Kwa wati 70, kazi hiyo inachukua muda wa saa kumi. Katikati ya Aprili, usiku wa Alps tangu jua kuzama hadi kuchomoza una urefu wa saa kumi na nusu hivi. Kwa maneno mengine, usiku mzima ulio safi unakupa ukoko mgumu wa sentimita 15, na hauna akiba ya kupoteza. Wingu likifunika kwa nusu ya usiku, unaamka na sentimita saba. Likifunika usiku wote, hupati kitu, hata kama kipimajoto cha nje kilionyesha nyuzi mbili chini ya sifuri hapo alfajiri na watu wakaamka wakitetemeka.

Ndiyo maana joto la hewa linadanganya kwa pande zote mbili. Usiku ulio wazi na mkavu, uso wa theluji huganda hata hewa ikiwa nyuzi tatu au nne juu ya sifuri. Usiku wa mawingu, hewa ya sifuri kamili haigandishi lolote la maana. Swali la kuuliza ni je, uso wa theluji ulishuka hadi wapi, na kwa muda gani. Uswisi swali hilo lina jibu kwenye simu: vituo vya vipimo vilivyo milimani, ambavyo takwimu zake hutolewa na SLF, taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko iliyoko Davos, hupima joto la uso wa theluji lenyewe na kuchora mstari wake. Ufungue mchoro wa kituo kilicho karibu na kimo cha njia yako. Mstari ulioshuka nyuzi nane au kumi chini ya sifuri mapema jioni na kukaa huko hadi asubuhi ni usiku mzuri. Mstari uliong'ang'ania sifuri, au ulioshuka kisha ukapanda saa nane za usiku, unakuambia wingu liliingia mkiwa mmelala.

Tazama pia unyevu wa hewa na upepo. Hewa kavu huifanya theluji ipoteze maji kwa kuyageuza mvuke, na hilo huchukua joto jingi. Hewa yenye unyevu mwingi hufanya kinyume, huweka umande juu ya theluji na kuipa joto. Upepo wa joto unaoteremka kutoka upande wa pili wa milima, ule ambao huku huitwa föhn, unaweza kuzuia ukoko usijengeke hata chini ya nyota.

Mchoro wa simu ni mwanzo tu. Asubuhi ukoko unapimwa kwa mwili. Vua skii moja, simama kwa buti juu ya theluji ambayo haijakanyagwa, uweke uzito wote, kisha ruka kidogo. Buti ikibaki juu, vunja ukoko kwa beleshi na uupime kwa alama za sentimita zilizo kwenye fimbo yako ya kutafutia waliofukiwa. Sisi tunafuata vipimo hivi kazini: ukoko wa sentimita 15 au zaidi, wenye theluji yenye unyevu kidogo tu chini yake, tunaendelea na mpango. Kati ya 5 na 15, safari inafupishwa na saa ya kurudi inawahishwa kwa saa moja na nusu au mbili. Chini ya 5 na rojo chini yake, tunageuka tukiwa bado kwenye tambarare. Hii si sheria iliyoandikwa popote. Ni kiasi ambacho kimetuweka mbali na matatizo.

Mahali pa kupimia ni muhimu kuliko namba zenyewe. Uwanja wa kibanda cha kulala wapandaji na njia iliyokanyagwa na watu jana havifai, kwa kuwa theluji iliyoshindiliwa huganda vizuri zaidi. Kilele kilicho wazi pia hakifai, maana kinaona anga pande zote. Pima kwenye mteremko mdogo usio na hatari, unaotazama upande ule ule na ulio kwenye kimo kile kile cha mteremko unaotaka kuuteremka. Na msituni usitegemee kabisa. Miti hurudisha joto kwa theluji usiku kucha jinsi wingu linavyofanya, kwa hiyo ukoko wa msituni huwa mwembamba au haupo, hata pale uwanda wa juu ulipoganda kama inavyotakiwa.

Hapo ndipo panapowaangusha watu wengi waangalifu. Wanapanga kilele, wanasahau mlango wa kutokea. Wanafika juu saa nne asubuhi, theluji iko safi, sentimita mbili za juu zimelainika juu ya ukoko mgumu, hakuna raha ya skii inayoizidi hiyo. Wanateremka vizuri hadi mita 2,200. Lakini gari liko mita 1,400, na njia inapita kwenye korongo lenye kuta zinazotazama mashariki, ambazo zimepigwa na jua tangu saa moja. Huko chini hapakuganda usiku, na juu ya vichwa vyao kuna theluji ambayo hawataigusa ila itawashukia. Safari ya machipuko ipangwe kuanzia chini. Kwanza amua ni saa ngapi lazima uwe umelipita lile korongo, kisha uhesabu kurudi nyuma: muda wa kuteremka, muda wa kupumzika juu, muda wa kupanda. Kundi la kawaida hupanda mita 300 hadi 400 za kimo kwa saa. Kwa mpando wa mita 1,200 unahitaji saa tatu hadi nne, na ukitaka kuwa nje ya korongo saa nne na nusu, unaanza kutembea saa kumi na nusu alfajiri kwa tochi za kichwani. Anayekijua Kilimanjaro hatashangaa: wapandaji huondoka Kibo karibu na saa sita usiku, na moja ya faida zake ni kwamba changarawe za juu zimeganda.

Kuna jambo ambalo sisi tuliozaliwa karibu na ikweta huchelewa kulizoea. Kwetu jua hupita karibu na utosi, na hakuna anayeuliza mlima unatazama wapi. Huku upande unaotazamwa na mteremko ni kila kitu. Katikati ya Aprili jua la adhuhuri linafika digrii 53 hivi juu ya upeo wa macho. Mteremko wa digrii 35 unaotazama kusini unalipokea likiwa limeupiga karibu wima kabisa, kana kwamba ni Dodoma. Mteremko wa mwinuko huo huo unaotazama kaskazini hupata chini kidogo ya theluthi moja ya nguvu hiyo, na Desemba haukuwa ukiliona jua hata kidogo. Jua huanza na upande wa mashariki, likaja kusini-mashariki, kusini, kisha magharibi mchana. Kwa kuwa saa za Ulaya husogezwa mbele mwishoni mwa Machi, adhuhuri ya kweli katika Alps ya mashariki ya Uswisi inaangukia karibu saa saba na dakika 20 mchana. Mteremko wa magharibi unaoonekana mgumu saa tano asubuhi bado haujaguswa. Saa tisa utakuwa kitu kingine.

Rangi ya theluji nayo inahesabika. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua. Theluji nzee, yenye maji na uchafu, hurudisha 50 au 60 tu. Kwa hiyo jua lile lile linaingiza joto mara mbili hadi tano. Februari 2021 na Machi 2022 vumbi kutoka Sahara liliifunika sehemu kubwa ya Alps kwa rangi ya udongo, na tabaka kama hilo likifunikwa na theluji mpya kisha likafichuliwa tena mwezi wa nne, mteremko hulainika mapema kuliko saa uliyoizoea. Mawe yaliyotokeza hufanya vivyo hivyo. Yanakula jua, yanayeyusha theluji iliyoyazunguka, na maporomoko madogo mengi huanzia chini ya mwamba.

Dalili za njiani zisomwe kwa mpangilio. Kwanza vibonge vidogo vya theluji vinavyobingirika kutoka kwenye mawe na kuacha mistari. Vikiwa na ukubwa wa chungwa, jua limegusa sentimita chache za juu tu. Vikifikia ukubwa wa gurudumu la gari, maji yameingia ndani, na saa ya kuondoka imeshapita. Kisha skii inazama, halafu buti: ikizama hadi kifundo cha mguu, ukoko umekwisha kazi, ikizama hadi katikati ya muundi, usivuke mteremko wowote wa zaidi ya digrii 30, wala usipite chini yake. Kuliona poromoko dogo la mstari mmoja kwenye mteremko wa jirani unaotazama upande ule ule ni habari kamili, halihitaji kuthibitishwa na la pili.

Watu hutuuliza kuhusu vipimo vya kuchimba shimo na kugonga beleshi ili kuona kama bamba litakatika. Wakati wa baridi vina thamani kubwa. Katika theluji iliyolowa tunavipa uzito mdogo, kwa sababu jibu la saa mbili asubuhi halina uhusiano na hali ya saa sita. Kipimajoto kinasaidia zaidi. Kichomeke kwenye kivuli kina cha sentimita 10, 20, 40 na kuendelea, ukisubiri kitulie kila mara. Vina vyote vikisoma sifuri, theluji haina tena akiba ya baridi, na joto lolote litakaloongezwa litageuka maji moja kwa moja. Kabla ya safari kichovye kwenye rojo ya maji na theluji. Lazima kisome sifuri. Kikisoma nyuzi 0.7 au zaidi, kosa hilo linatosha kukudanganya kwa jambo lote unalolitafuta. Na usikiache juani, kitapima jua.

Maporomoko yenyewe yana sura tatu. La kwanza huanzia nukta moja na kupanuka likishuka, na linaweza kuanzishwa na skii yako; dogo linasukuma mtu kwenye genge, kubwa linajaza korongo. La pili ni bamba lililolowa, na hili ndilo baya kuliko yote. Hutokea hasa maji yanapofika kwa mara ya kwanza kwenye tabaka dhaifu la punje kubwa lililojengeka chini tangu mwanzo wa baridi. Punje ndogo za juu hushikilia maji, punje kubwa za chini hazivuti, maji yanajikusanya mpakani, na mteremko mzima unaweza kukatika hadi ardhini. Mteremko ambao umeshalowa na kuganda mara nyingi, maji yakapata mifereji yake ya kupita, huwa umetulia zaidi. Kwa hiyo mwezi wa nne kusini kunaweza kuwa kumezoea, huku kaskazini, mita 2,400 na kwenda juu, bado ni kukavu na maji ya kwanza hayajafika. Joto la siku tatu mfululizo zisizo na usiku wa kuganda ndilo linaloyafikisha. Siku hizo sisi hatuendi kaskazini, hata ikiwa theluji ya huko ndiyo pekee inayopendeza.

La tatu halifuati saa. Ni theluji nzima inayoteleza juu ya majani yaliyolala au mwamba laini, na hujitangaza kwa nyufa zilizopinda na kupanuka mteremkoni. Inaweza kukaa wiki tatu na ufa wazi, ikaanguka usiku wa manane kwenye baridi kali. Hakuna kipimo cha kuitabiri. Kinachofanyika ni kutopita na kutosimama chini ya ufa, basi, na kama njia lazima ipite hapo, mtu mmoja mmoja na bila kupiga picha.

Mvua tuitaje kwa ufupi: mvua ya kwanza juu ya theluji mpya kavu inaweza kuleta maporomoko ndani ya dakika chache tangu ianze. Vivyo hivyo siku ya kwanza ya jua baada ya sentimita 20 za theluji mpya, hata hewa ikiwa baridi.

Taarifa ya maporomoko ya Uswisi hutolewa saa kumi na moja jioni, na wakati wa baridi huhuishwa saa mbili asubuhi. Mwishoni mwa msimu haitoki tena kila siku. Ina madaraja matano. Katika machipuko isomwe hadi mwisho, kwa sababu huweza kuwa na tathmini mbili kwa siku moja, ya asubuhi na ya baadaye theluji ikilowa. Anayeona rangi ya kijani ya daraja la 1 na kufunga simu amesoma asubuhi tu. Mchana wa siku hiyo hiyo unaweza kuwa daraja la 3. Norway huduma kama hiyo inaitwa Varsom. Mwinuko wa mteremko usikisiwe kwa macho: ramani za simu za swisstopo, idara ya ramani ya Uswisi, zina rangi ya njano kwa digrii 30 hadi 35, machungwa hadi 40, nyekundu hadi 45, na zambarau juu ya hapo.

Vifaa ni vile vile vya wakati wa baridi, na kila mmoja awe na vyake: redio ya kutafutana ya kilohezi 457 iliyowashwa tangu mlangoni, fimbo ya kutafutia yenye urefu wa sentimita 240 au zaidi, na beleshi la chuma. Beleshi la plastiki linavunjika. Mita ya ujazo ya theluji mpya kavu ina kilo 100 au pungufu. Ya poromoko lililolowa inafika 500, na huwa ngumu mara inaposimama. Kumfikia mtu aliye mita moja chini unaweza kulazimika kuhamisha karibu tani nzima, na uchambuzi wa ajali za Uswisi uliochapishwa mwaka 2024 umeonyesha kwamba nafasi ya kuokoka huanza kuporomoka baada ya dakika 10, wakati zamani tulikuwa tukisema 15. Namba za kupiga ni 1414 Uswisi, 140 Austria, na 112 kote Ulaya. Asubuhi yenye ukoko mzuri ina hatari yake pia: mteremko ni barafu tupu, mtu akianguka hasimami, kwa hiyo meno ya chuma ya kufunga chini ya skii yasiachwe nyumbani.

Na vijana wanaokwenda na kundi, msione haya kumwuliza kiongozi jioni ile ile, kibandani: tunaondoka saa ngapi, lazima tuwe wapi saa nne, na tusipokuwa hapo tunafanya nini? Kiongozi anayejua kazi hukasirika asipoulizwa. Saa ya kugeuka ikishakubaliwa usiku, isijadiliwe tena mita 100 chini ya kilele.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni hili. Habari ijayo ya aina hii mwandishi wenu atafute mambo manne: ilikuwa saa ngapi, mteremko ulitazama upande gani na kwenye kimo gani, usiku uliotangulia ulikuwa wazi au wa mawingu, na taarifa ya siku hiyo ilisema nini kuhusu mchana. Saa na mahali kwa kawaida hutajwa na polisi wa jimbo kwenye taarifa yao ya kwanza. Taarifa za maporomoko za siku zilizopita zimehifadhiwa na SLF na yeyote anaweza kuzifungua.

Wasomaji wako,
Graubünden, Uswisi